Pester, hassle, nag, harass... zote nimetafsiri "kusumbua" na naona nimekosea, naombeni msaada

Mpokezi_Pwani

Habarini za saa hizi wapendwa. Mi nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni huku Unguja upande wa mashariki, huu mwaka wa tatu. Kazi yangu mojawapo ni kusoma maoni ya wageni, yale ya mtandaoni na yale wanayoandika kwenye daftari la pale mezani, afu namwelezea bosi kwa Kiswahili maana yeye Kiingereza cha kuongea anacho ila kukaa kusoma maelezo marefu hapendi, na yeye ndio anaamua tujibu nini. Sasa kuna jambo limenikaa rohoni toka wiki iliyopita na nataka watu wanaoijua lugha wanisaidie, na kama kosa ni langu msinifiche.

Ndani ya mwezi mmoja tulipata maoni matatu kuhusu vijana wa ufukweni, wale tunaowaita papasi. La kwanza ni la mtu na mkewe, waliandika walikuwa "pestered" wanunue bangili. La pili kijana aliyekuja peke yake, akaandika kulikuwa na "a bit of hassle" njiani kwenda baharini ila hakuna neno. La tatu ni la mama aliyekuja na binti yake wa miaka 19, akaandika binti yake alikuwa "harassed" kila jioni. Mimi yote matatu nikampelekea bosi kwa neno moja, "wanasema walisumbuliwa na vijana". Bosi akasema jibu kama siku zote, nikajibu kama siku zote, poleni kwa usumbufu, hawa vijana wanatafuta riziki, karibuni tena.

Wale wawili wa kwanza kimya. Yule mama akaandika tena, na safari hii kwa hasira, kwamba tumemjibu kama mtu aliyelalamikia nzi. Ndio nikaenda kumuuliza mlinzi wa usiku, akanambia kweli kuna kijana mmoja alikuwa anamfuata yule binti kutoka ufukweni hadi getini siku nne mfululizo, na jioni ya mwisho alizunguka upande wa nyuma akawa anamwita kwa jina dirishani. Mlinzi alidhani wanafahamiana. Nimelala vibaya usiku ule, nasema ukweli, maana neno lilikuwa mbele yangu nimelisoma kwa macho yangu na sikuliona.

Swali langu ni hili, haya maneno yanatofautianaje hasa? Kamusi niliyonayo inanipa "sumbua, udhi, bughudhi" karibu kwa yote, pester sumbua, bother sumbua, harass sumbua, annoy udhi, nag sumbuasumbua. Mtu anajuaje lipi zito lipi jepesi, na kwa Kiswahili ningemwambiaje bosi ili aelewe tofauti bila kumfundisha Kiingereza?

KijanaWaIlala

Kaka usijitese, kusumbua ni kusumbua tu. Wazungu wana maneno mengi kwa kitu kimoja kwa sababu lugha yao imeokota kila mahali, Kifaransa, Kilatini, ndo maana kamusi inakupa jibu hilohilo. Hapo tatizo halikuwa tafsiri, tatizo bosi hakuuliza kilitokea nini. Pole lakini, na huyo mlinzi nae angesema mapema.

MwalimuMstaafu_Tanga

Kijana wangu wa mapokezi, kwanza hongera kwa kuumia, kuna watu wangejibu na kusahau. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 31 na hili swali wanafunzi waliniuliza kila mwaka, na kila mwaka niliwaambia waache kamusi pembeni kidogo wajiulize huyu anayesumbua ANATAKA NINI. Ukishajua anachotaka neno linakuja lenyewe.

Anayekupester anataka kitu kutoka kwako, na ukimpa anaondoka. Mtoto anayekuvuta kanga dukani, mama peremende, mama peremende, mama peremende, huyo ndio pester yenyewe, hata wenye matangazo ya biashara kule kwao wana msemo "pester power", nguvu ya mtoto kumganda mzazi mpaka anunue. Wale mtu na mkewe wangenunua bangili moja ingekwisha, au pengine wangekuja wengine watano lakini unaelewa. Asili yake ni Kifaransa cha zamani, neno la kumfunga farasi miguu asiende mbali, afu baadae likachanganyika masikioni mwa watu na "pest", yaani mdudu mharibifu. Kwa hiyo ndani yake mna kuzuiwa mguu na mna mdudu. Sasa angalia nyie wenyewe huko Unguja mmewaitaje hao vijana, papasi! Yule papasi wa kwenye nyufa za kuta za udongo anayenyonya damu usiku na kuleta homa. Waliotoa jina hilo hawakusoma kamusi ya mtu yeyote, ila wamefika palepale. Neno lako la Kiswahili hapo ni kuganda au kung'ang'ania. "Waligandwa na wauza bangili." Bosi angeelewa moja kwa moja.

Hassle ni ya Kimarekani, ya mtaani, nyepesi. Tena inatumika hata pasipo na mtu, kupanga foleni ya kibali siku nzima ni "a hassle". Yule kijana wa pili alikuwa anakwambia kulikuwa na purukushani kidogo, maneno ya hapa na pale, basi. Usimwekee uzito.

Annoy na irritate ziweke pembeni kabisa kwa sababu hizo zinamtaja aliyeudhika, hazimtaji aliyefanya. Redio ya jirani inaweza kukuannoy na jirani hajui kama upo. Kuudhi, kukera, sawasawa. Lakini redio haiwezi kukupester wala kukunag, lazima awepo mwenye nia.

Bother ndio nyepesi kuliko zote, "sorry to bother you" ni samahani kwa usumbufu unayomwambia mtu unayemuuliza njia. Disturb ni kukatiza, mtu kalala au anasali wewe unagonga mlango, mara moja inatosha. Wengi wetu Afrika Mashariki tunaandika "disturb" kila mahali kwa sababu tumeifundishwa kuwa ndio kusumbua, na mwalimu aliyewafundisha hivyo pengine ni mimi.

Harass nitarudi nayo, umeme unakatikakatika huku na simu ina asilimia chache.

Mpokezi_Pwani

Shikamoo mwalimu, na asante sana. Hiyo ya "anataka nini" imenifungua. Maana yule kijana wa dirishani hakuwa anauza kitu.

Shiro_wa_Southlands

Hamjambo wote. Mimi niko Nairobi na nataka kumjibu huyo wa Ilala kwanza, kwa upole, kwa sababu hiyo kitu ya "kusumbua ni kusumbua tu" nimeona vile inaumiza watu.

Nilifanya kazi ya kupigia watu simu walipe mikopo ya simu, zile za kukopa elfu mbili unarudisha elfu mbili mia nane, sitataja kampuni. Miezi nane. Tulikuwa tumepewa karatasi ya maneno ya kusema na kazi yetu ilikuwa imeandikwa juu kabisa "persistent follow-up", ufuatiliaji wa kudumu, inasikika poa sana. Kupiga mtu mara kumi na mbili kwa siku ni follow-up. Kupigia mamake mtu, kupigia pastor wake, kupigia mtu alikuwa tu kwa contacts zake na hata hawajaongea tangu form four, yote follow-up. Watu walikuwa wanaandika email kwa Kiingereza "stop harassing me", na mimi ndio nilikuwa nazisoma nikijaza kwa mfumo. Sasa kwa mfumo hakukuwa na sehemu ya harassment. Kulikuwa na "customer annoyed", ya pili "customer refuses to pay", ya tatu "other". Kwa hivyo nilikuwa nabonyeza annoyed. Mtu amesema mimi nafanyiwa kitu, mimi naandika mtu ana hasira. Unaona vile lawama imehama kutoka kwa mwenye anapiga simu ikaenda kwa mwenye anapigiwa? Nilibonyeza hiyo kitu labda mara mia na sikuwa nimefikiria.

Nilikuja kufikiria siku moja mzee fulani aliniuliza kwa simu, pole pole tu, hakupiga kelele, "msichana, mbona unaniandama hivi, nilikuua nani?" Hilo neno kuandama lilinifanya niweke simu chini. Hakusema ninamsumbua. Kusumbua angekuwa ananiomba radhi karibu. Kuandama ni kama ukiwa unatembea usiku na unasikia viatu nyuma yako.

Na kwa sheria sio kitu kimoja pia. Hapa Kenya sheria ya makosa ya kingono ya 2006, kifungu cha 23, inaongea kuhusu mtu mwenye mamlaka au ofisi ya umma, ambaye "persistently" anamtaka mtu kimapenzi na anajua hatakiwi, hiyo inaitwa harassment na ni kifungo kisichopungua miaka mitatu ama faini isiyopungua shilingi 100,000 ama zote mbili. Najua huyo kijana wa ufuoni hana ofisi na Zanzibar ina sheria zake, nataka tu mwone hilo neno persistently liko ndani ya sheria yenyewe, hawakuliweka kwa mapambo. Na kwa upande wa mikopo, kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zimekataza wakopeshaji wa simu kutisha watu, kutukana, na kuingia kwa contacts za mtu waanze kutumia watu wake meseji. Watu walipigana miaka hadi hiyo kitu ikaitwa kwa jina lake. Kama ingebaki "kusumbua" hakuna mtu angetunga kanuni.

Kwa hivyo ndugu wa mapokezi, neno ndilo linaamua malalamishi yanaenda meza gani. Pestered inaenda kwa meza ya poleni. Harassed inaenda kwa mlinzi na kwa polisi.

KijanaWaIlala

Dada Shiro nimekusoma na nimekaa kimya kama nusu saa. Naondoa kauli yangu. Mama yangu mdogo alikopa hizi za kausha damu mwaka jana na sisi nyumbani tulikuwa tunasema "wanamsumbua", ye mwenyewe alikuwa hasemi hivyo, alikuwa anasema wananisakama. Alizima simu wiki mbili akawa anatumia yangu. Sikuwahi kuwaza kwamba alikuwa anachagua neno.

MamaWawili_Dodoma

Mi naomba niongelee nag maana naona mmeiruka na hiyo ndio inanigusa. Nilikuwa na bosi mgeni shirika fulani, mwanaume, mtu mzuri tu, siku moja nimemkumbusha mara ya tatu asaini fomu za likizo za watu wa chini yangu, akacheka akasema "stop nagging me". Nikacheka na mimi. Nyumbani nikaitafuta nikakuta inaelezwa ni kulalamikalalamika na kukumbusha kupita kiasi, na karibu mifano yote ni ya mke na mume. Ikaniuma. Mhasibu mwenzangu, mwanaume, alikuwa anamkumbusha kila siku asubuhi mambo ya risiti na hakuwahi kuambiwa ananag. Aliambiwa yuko makini.

Kiswahili tuna neno lake kabisa, gubu. "Yule mke ana gubu." Umeshawahi kusikia mtu anasema yule mume ana gubu? Mimi kidogo sana, labda kwa wazee. Kwa hiyo sio Waingereza peke yao. Ila naomba niseme kitu kuhusu maana yenyewe, mwalimu atanirekebisha. Anayekunag ni lazima awe mtu wako, mtu mnayekaa nae, mtu baki hawezi kukunag hata akitaka. Na jambo analolisema mara nyingi ni jambo lako wewe ulilotakiwa kufanya na hujafanya. Mwanangu mkubwa nilimwambia Ijumaa loweka sare, Jumamosi asubuhi loweka sare, Jumamosi jioni sare umeloweka, Jumapili saa mbili usiku nikamkuta anatafuta sabuni kwa tochi. Sasa hapo nani kamsumbua mwenzie? Mtoto anapester apate kitu chake. Mama ananag ili mtoto awe na sare safi Jumatatu. Yote yanarudiwarudiwa, lakini mmoja anajiombea na mwingine anamwombea mwenzie, na cha ajabu wa pili ndio kapewa neno baya.

MwalimuMstaafu_Tanga

Mama Wawili sina cha kukurekebisha. Naongeza tu kwamba nag limetoka kwa watu wa Skandinavia na maana yake ya mwanzo ni kuguguna, kama panya anavyoguguna mlango wa stoo usiku. Ndio maana kuna "a nagging pain", yale maumivu ya jino yasiyokulaza chini lakini hayakuachii. Halina jeuri ndani yake, lina kutokuisha tu.

Nilipokuwa kazini niliwaonyesha wanafunzi kwamba Kiswahili hatuhitaji neno jipya kila mara kwa sababu sisi tunarudia shina. Kuuliza, kuulizauliza. Kufuata, kufuatafuata. Kugusa, kugusagusa. Wenzetu wanaweka kule kurudia ndani ya neno, sisi tunakuweka mdomoni mtu akusikie. Huyo mama angekuwa Mswahili angesema "kuna kijana anamfuatafuata mwanangu" na hapo mtaa mzima ungetoka nje, hakuna ambaye angefikiria bangili.

Sasa harass. Nilisema nitarudi. Kuna maneno matatu yanakaa nyumba moja, hound, badger, harass, na ndani ya nyumba hiyo mna mbwa.

Hound ni mbwa wa kuwinda, jina na kitenzi ni kilekile. Ukisema mtu is hounded maana yake anakimbia na wanaomfuata wananusa nyayo zake, akiingia huku wapo, akitoka kule wapo. Kuandamwa, kusakamwa. Badger ni mnyama wa Ulaya wa kuchimba mashimo, uso una mistari myeupe na myeusi, anakaribiana kidogo na nyegere wetu ila si yeye. Zamani Waingereza walikuwa na mchezo wa kumtia kwenye boksi au pipa na kumwachia mbwa wamtoe, anarudi, wanamtoa, watu wanaweka dau. Ulikatazwa na sheria ya 1835 ya ukatili kwa wanyama, lakini kitenzi kilishaingia kwenye lugha na kikabaki. Kumbadger mtu ni kumrudiarudia kwa maswali au maombi mpaka achoke akubali, "they badgered him into signing". Angalia, kosa si la badger, yeye ndiye anayeumwa, na wanafunzi wangu wengi walidhani ni kinyume. Mahakamani huko Marekani wakili akimbana shahidi kwa swali lilelile mara nne, mwenzie anasimama kulalamika kwamba anambadger shahidi.

Na harass imetoka Kifaransa, na wanaochunguza asili za maneno wengi wanaihusisha na neno la kumchochea mbwa amrukie mtu, kama sisi tunavyosema "shika!". Maana ya kwanza ilikuwa kumchosha adui, kumshambulia vidogovidogo bila kumwacha apumue. Kwa hiyo ukiiona harass usifikirie nzi hata mara moja. Mwenye kuharass si lazima awe na anachotaka ambacho ukimpa ataondoka. Pengine anachotaka ni kile kuogopa kwako.

Kiswahili chake kinategemea. Kubughudhi limelika siku hizi, watu wanaliona kama kusumbua la heshima, ingawa kwa Kiarabu lilikotoka mzizi wake ni chuki. Kunyanyasa linafaa pakiwa na mkubwa na mdogo. Kwa binti wa watu na dirisha la usiku mimi ningesema alifuatwa na kutishwa, kwisha.

Msafiri_Leicester

Salamu kutoka baridini. Nimeishi Uingereza miaka 16, kazi za kutunza wazee, na nathibitisha alichosema mwalimu kuhusu uzito. Huku neno harassment ni la kipolisi kabisa. Kuna sheria ya kuwakinga watu nayo ya 1997, na ndani yake wanasema lazima tabia hiyo itokee angalau mara mbili ndio iwe "course of conduct". Mara moja inaweza kuwa kosa lingine ila si hilo. Kwa hiyo yule mama alipoandika "every evening" hakuwa anapamba, mtu wa huku anajua kuhesabu siku ni sehemu ya malalamiko. Siku nne zenu zile alikuwa anawapa ushahidi.

Kuhusu hound, mwaka huohuo 1997 Princess Diana alikufa Paris kwa ajali ya gari ndani ya handaki, waandishi wa picha wanamfukuza, na kaka yake kwenye mazishi akasema dada yake alipewa jina la mungu wa kike wa uwindaji wa kale, na mwishowe ndiye akawa mtu aliyewindwa kuliko wote wa zama hizi. Mpaka leo magazeti ya huku wakiandika mtu kawa hounded, watu wa umri wangu wanakumbuka lile handaki.

Mengine mafupi. Matamshi, wazee ninaowatunza wanasema HÁ-ras, mkazo mwanzo, vijana na televisheni wanasema ha-RÁS kama Wamarekani, yote sawa usione haya. Bug, "stop bugging me", ni ya marafiki na ndugu, usiandike kwenye barua ya kazi, na kuna siku itasomeka kama umemtegea mtu kinasa sauti. Na JAMANI, molest. Nimeona mhudumu mwenzetu kutoka Afrika Mashariki ameandika kwenye ripoti ya usiku kwamba mzee wa chumba fulani was "molesting" wenzie, akimaanisha anawapigia kelele wasilale. Kitabuni la zamani lilikuwa kusumbua kweli. Siku hizi ni kumshika mtu kingono. Meneja alifika saa kumi na mbili asubuhi na mtu wa ustawi wa jamii, na yule dada alilia sana, hakuwa na kosa lolote zaidi ya kamusi ya mwaka arobaini na saba. Mzee wa watu alikuwa anaimba nyimbo za kanisani.

Mpokezi_Pwani

Hilo la molest ningeliandika hata mimi, nakiri, kamusi yangu inasema sumbua.

Nawarudia na nilichofanya. Jana asubuhi nimekaa na bosi kabla wageni hawajaamka nikamwambia yale maoni matatu nilikupa vibaya, nikampa upya. Wa kwanza, waligandwa na wauza bangili. Wa pili, kulikuwa na maneno kidogo njiani akayapuuza. Wa tatu, yule binti alifuatwa kutoka ufukweni hadi getini jioni nne na kuitwa dirishani usiku, na aliogopa, na mama yake alituambia na sisi tukamwambia pole kwa usumbufu. Bosi hakusema kitu kwa muda. Afu akauliza, dirisha la chumba namba ngapi. Akamwita mlinzi, akaenda nae nyuma kwenye lile dirisha, wakasimama pale, nikawaona tu kwa mbali bosi ananyoosha mkono anapima kutoka ukutani hadi kwenye njia ya mchanga. Leo fundi amekuja kuangalia uzio, na mlinzi kaambiwa mtu asiye mgeni hapiti getini hata kama anasema anafahamiana. Bosi pia amekwenda kwa sheha kuhusu yule kijana, anajulikana.

Na jibu kwa mama nimeandika mwenyewe, naliweka hapa, mwalimu naomba ulipitie kabla sijatuma:

"Dear Madam, I am the person who answered you before and I answered wrong. I translated your words to my manager as if your daughter was only disturbed by sellers. Now I understand she was harassed for four evenings until her window. The guard saw and did not stop it. We have now reported the man and we are closing the path behind the rooms. I am very sorry to you and to her."

MwalimuMstaafu_Tanga

Usiliguse sana. "Disturbed" ya katikati ibadilishe iwe "bothered", ndio uzito wa kile ulichomwambia bosi. "Until her window" andika "right up to her window". Na pale "she was harassed for four evenings" ongeza kilichotendeka, "followed to the gate on four evenings and called at her window at night", usiache neno peke yake, ajue umeelewa ni nini hasa. "The guard saw and did not stop it" iache kama ilivyo. Tuma.